Mashua ya kwanza ya tanga kwa rimoti: Nyakasanza ianze na maji, duka lifuate

Picha mbili ziko kwenye skrini ya simu moja, Nyakasanza, mjini Bunia. Kila picha ina mashua ndogo yenye matanga mawili meupe, na rimoti imewekwa pembeni. Urefu wa mashua hizo haupishani sana. Kinachopishana ni bei: moja inauzwa kwa makumi machache ya dola, nyingine inapita dola 200 kabla hata haijapakiwa kwenye ndege. Mwenye simu anatafuta mashua yake ya kwanza, na kwa macho ya mgeni wa mambo haya hakuna sababu ya kulipa zaidi.

Sababu iko chini ya maji, mahali ambapo picha haifiki. Mashua ya bei ndogo ina mota na propela kwenye tezi. Matanga yake ni pambo. Ukiyavua itakwenda vilevile, pengine vizuri zaidi. Ile nyingine haina mota ya kuisukuma. Ina mkuku mwembamba unaoshuka majini, na kwenye ncha ya mkuku limefungwa tone zito la risasi. Upepo ukikatika, inasimama. Upepo ukirudi, inaondoka.

Asiyeijua tofauti hiyo hununua kitu cha kuchezea wiki moja, kisha anaamini kwamba ameujaribu mchezo na haukumfaa. Hapo ndipo wengi hupotelea, na ni hasara, kwa sababu mchezo wenyewe ni mzuri na unaufaa mji huu kuliko mtu anavyodhani.

Vijiti viwili, kazi mbili

Rimoti ya mashua ya tanga ina kazi mbili tu. Kijiti kimoja hugeuza usukani. Kingine huamrisha servo, yaani kimashine kidogo kilichofichwa ndani ya mashua, ikaze au ilegeze kamba za matanga yote mawili kwa pamoja. Mengine yote ni ya upepo na ya risasi. Upepo ukililaza tanga upande mmoja, risasi huvuta upande wa pili. Hata dhoruba ikiibwaga mashua mpaka tanga likaguse maji, itasimama tena yenyewe, mradi maji hayakuingia ndani.

Vijiti havimshindi mtu. Yanayomshinda anayeanza ni mambo mawili mengine.

La kwanza ni kwamba hakuna mashua ya tanga inayoweza kuelekea moja kwa moja unakotoka upepo. Ndani ya nyuzi kama 45 kila upande, matanga hupepea bure na mashua hurudi nyuma. Lazima ibishe: iende joshi kwa upande mmoja, igeuke, iende kwa upande wa pili, hivyo hivyo mpaka ifike. Manahodha wa pwani hulijua hili tangu utotoni. Mtoto wa Bunia, ambaye boti alizoziona ziwani zinakwenda kwa injini ya Yamaha au kwa kafi, atajifunza kwa mara ya kwanza, na kwa mkono wake mwenyewe.

La pili: mashua inapokuja kwako, kulia kwake ni kushoto kwako. Mkono hukosea, na mashua hupiga ukingo. Dawa yake ni kugeuza mwili uelekee inakoelekea mashua, kisha uitazame kwa juu ya bega. Baada ya mazoezi kadhaa mkono huacha kuuliza.

Kabla ya redio, mashua za namna hii zilishindanishwa kwenye mabwawa ya Ulaya na Marekani zikijiongoza zenyewe, kwa kipepeo cha upepo kilichounganishwa na usukani. Kundi la Marblehead, lililochukua jina la mji wake wa Massachusetts katika miaka ya 1930, liliwekewa kanuni fupi: urefu wa inchi 50, matanga ya inchi za mraba 800. Bado lipo. Ni mojawapo ya makundi manne ya kimataifa chini ya chama cha dunia cha mchezo huu, IRSA, pamoja na A, Ten Rater na IOM, mashua ya mita moja ambayo ndiyo inayotajwa zaidi.

Maji yako wapi?

Bunia iko takriban mita 1,250 juu ya usawa wa bahari. Kwa komune ya Nyakasanza, maji tuli ya kufikika ni mabwawa ya kufugia tilapia. Maji makubwa ni Ziwa Albert, lililo bondeni kwenye mita 619 hivi, maana yake anayeshuka Kasenyi au Tchomia anateremka zaidi ya mita 600 kabla ya kulifikia.

Nashikilia kwamba uchaguzi uanzie hapa. Muuzaji wa mbali atakuuliza una pesa ngapi. Hatakuuliza bwawa lako lina kina gani.

> Muuzaji wa mbali atakuuliza una pesa ngapi. Hatakuuliza bwawa lako lina kina gani.

Kwa hiyo chukua fito, omba ruhusa kwa mwenye bwawa, upime kina sehemu mbalimbali: katikati, pembeni, na mahali maji yanapoingilia, ambako tope hujikusanya. Mashua za sentimita 65 zinazopendwa na wanaoanza zinahitaji zaidi ya sentimita 30 za maji chini yake. IOM inaruhusiwa kushuka hadi sentimita 42. Ongeza sentimita 15 juu ya hapo, kwa sababu ya tope na vijiti vilivyozama. Bwawa la maji ya magotini linaweza kuibeba ya kwanza. Ya pili italima tope, na mkuku ukishanasa katikati ya bwawa, rimoti haina la kukusaidia.

Halafu tazama upepo, na hapa wengi hupima vibaya. Bwawa lililozungukwa na mikaratusi, migomba na kuta za nyumba hupata upepo uliokatwakatwa: mara kimya, mara mvumo wa ghafla kutoka upande usioutarajia. Mashua nzuri itaonekana mbovu pale. Afadhali bwawa dogo lililo wazi kuliko kubwa lililozibwa. Simama ukingoni jioni mbili tatu ukiwa na utepe wa plastiki uliofungwa kwenye fito, uone kama unapepea kwa utulivu au unazungukazunguka.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya maelekezo, vilivyoandikwa na watu wa mwambao, havilitaji. Hewa ya Bunia ni nyepesi. Kwenye mita 1,250 uzito wa hewa umepungua kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ukilinganisha na pwani, na nguvu ya upepo kwenye tanga hupungua kwa kiasi hicho hicho. Upepo unaotosha kuiamsha mashua Mombasa unaweza kuiacha imelala Nyakasanza. Hii ni sababu ya kweli ya kuchagua mashua nyepesi, na ya kununua seti kubwa ya matanga pale inapopatikana.

Ziwa si bwawa

Ushawishi wa kwenda Ziwa Albert ni mkubwa. Lina urefu wa takriban kilomita 160, upana unaopita kilomita 30, na upepo wake haukosekani. Mwaka 1876 Mtaliano Romolo Gessi alilizunguka kwa mashua mbili za tanga. Lakini mvuvi yeyote wa Tchomia anajua dhoruba za ziwa hili zinavyozuka, na vyombo vikubwa vyenye injini huzama humo na watu wake. Mashua ya kilo moja na kidogo, ikivuka mita mia mbili kwenye upepo unaotoka nchi kavu, huenda isirudi. Haina mota ya kuirudisha. Macho nayo hushindwa kabla ya redio: kwa umbali huo huwezi tena kuona tanga limelala upande gani.

Kubwa zaidi ni afya. Mwambao wa Ziwa Albert, pande zote mbili za mpaka, ni mojawapo ya maeneo yenye kichocho kingi Afrika. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji na kupenya kwenye ngozi ya mguu uliozama, hata kwa dakika chache. Humo kuna mamba na viboko pia. Kijana aliyelipa dola 200 akiiona mashua yake imekwama mita 15 kutoka ukingoni atajitosa bila kufikiri.

Ndiyo maana kifaa cha kwanza cha kununua ni mshipi wa uvuvi wa kutosha na kiboya, tena unaupata sokoni hapahapa. Mpira wa tenisi uliofungwa kwenye mshipi, ukirushwa ng'ambo ya mashua na kuvutwa taratibu, hunasa mlingoti na kuileta. Konokono hao huweza kuishi kwenye mabwawa na mifereji vilevile, kwa hiyo kanuni ni moja kwa maji yote ya mkoa wa Ituri: mashua inavutwa, haifuatwi kwa miguu.

Na kwa kuwa mkoa umekuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, ni busara kumwarifu kiongozi wa mtaa kabla ya kusimama hadharani na kifaa chenye antena. Wengi hapa wameshajua rimoti ya namna hiyo inaweza kurusha nini. Dakika tano za maelezo, mashua ikiwa mkononi, huondoa wasiwasi wote.

Ndogo au kubwa?

Wapenzi wa mashua kubwa wana hoja nzito. Mashua ndefu hukata mawimbi vizuri, hukimbia zaidi na husamehe kosa la mkono. IOM, yenye urefu wa mita moja, uzito usiopungua kilo nne na seti tatu za matanga kwa upepo wa viwango vitatu, ni chombo cha kuheshimika. Mtu anaweza kuiendesha miaka ishirini asiichoke.

Lakini mpya iliyo tayari kwa mashindano hugharimu hata maelfu ya dola. Mlingoti wake ni mrefu kuliko watu wengi, na safari ya Nyakasanza kwenda bwawani ni ya taksimoto. Abiria aliyeshika mashua ya mita moja kwa mkono mmoja na mlingoti kwa mkono wa pili, kwenye barabara yenye mashimo, atafika na nusu ya alichobeba.

Upande wa pili wako wanaopenda vidogo kabisa. Kundi la Footy lina kanuni ya kupendeza: mashua na mkuku wake lazima viingie kwenye sanduku la ndani lenye urefu wa milimita 305, upana wa milimita 153 na kina cha milimita 305. Inabebwa kwenye begi la shule. Hata hivyo kila wimbi dogo huisumbua, na upepo ukikaza kidogo hupiga pua majini. Kumpa anayeanza mashua hiyo ni kumpa somo gumu mwanzoni.

Katikati ndipo nasimama mimi. DragonForce 65, inayotengenezwa na kampuni ya Joysway ya China, ina urefu wa sentimita 65 na uzito wa takriban kilo 1.2. Huja na redio yake, mlingoti hung'oka, na kuna seti za matanga kuanzia A+ ya upepo hafifu hadi ndogo za upepo mkali. Kwa hewa ya Bunia, A+ ndiyo ya kuagiza tangu mwanzo. Ndugu yake mkubwa, DragonFlite 95, hukimbia vizuri zaidi, ila bwawa la ukubwa wa uwanja wa voliboli litamwishia upesi.

Kununua au kuunda?

Hapa ndipo ubishi wa kweli ulipo, na upande wa kuunda una moyo wangu hata pale ambapo hauna kura yangu.

Wanaounda wanasema: kwa nini dola zetu ziende mbali wakati maseremala wapo, mbao laini zipo, sponji ngumu ya kufungashia televisheni inatupwa jalalani, na watoto wetu wanatengeneza magari ya waya yenye usukani unaogeuka? Kwenye mwambao wa Waswahili watoto huchonga vingalawa vyao na kuvitanga kwa vipande vya mifuko. Tena kule Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda Flipflopi, jahazi la mita tisa hivi la plastiki iliyookotwa, lililovishwa kandambili zipatazo 30,000, na mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Kama takataka zimevuka bahari, bwawa la Nyakasanza si kitu.

Kanuni za kimataifa nazo zinawaunga mkono. Kundi la RG65, lenye mizizi mikubwa Argentina, limeweka mipaka michache: urefu usizidi milimita 650, matanga yasizidi desimita za mraba 22.5. Ndani ya hapo unda utakavyo, kwa mbao, sponji au karatasi iliyogandishwa kwa gundi. Servo na redio tu ndivyo visivyoundika nyumbani, na fundi simu yeyote mjini anaweza kulehemu nyaya zake.

Ninachokihofia ni hiki. Anayeanza hajui kutanga, wala hajui kuunda. Mashua yake ikikataa kugeuka, hatajua kama kosa ni la mkono wake, la usukani mdogo, la mlingoti uliokaa mbele mno, au la mkuku uliopinda. Makosa manne yanavaa sura moja. Nimesikia watu wakisema kwamba kushindwa ndiko kujifunza. Sawa, lakini kwa mtu asiye na mwalimu karibu, kushindwa kusikoeleweka humfanya aweke mashua juu ya kabati. Mashua ya kiwandani inayojulikana kwamba inakwenda humwondolea shaka tatu. Inabaki moja, ya mkono, na hiyo hutibika kwa mazoezi.

> Makosa manne yanavaa sura moja. Mashua ya kiwandani inayojulikana kwamba inakwenda humwondolea shaka tatu.

Mashua ya pili iundwe. Hapo atakuwa na ya kwanza ya kupimia, na ataona kwa macho mlingoti unakaa wapi na mkuku una uzito gani. Onyo moja kwa atakayeunda: risasi ya mkuku isiyeyushwe kutoka kwenye betri kuukuu za magari, kazi inayofanywa ovyo ovyo vichochoroni. Moshi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Vipande vya risasi vya nyavu, vilivyokwisha kutengenezwa, hufungwa pamoja kwa gundi bila moto wowote.

Kwa asiye na dola 200, na hao ndio wengi, sitamwambia asubiri mpaka azipate. Watu wawili au watatu wanaweza kumiliki mashua moja na kupokezana rimoti. Anayesubiri ukingoni, akimtazama mwenzake akikosea, hujifunza nusu ya mchezo bila kugusa kijiti.

Umeme kidogo, safari ndefu

Boti za mota na ndege za rimoti hula betri kwa dakika. Mashua ya tanga inasukumwa na upepo. Umeme wake ni wa kuvuta kamba na kugeuza usukani tu. Betri nne ndogo za saizi ya AA ndani ya mashua, na nyingine kwenye rimoti, zinaweza kutosha alasiri nzima. Ndani ya mashua ziwe za kuchajiwa, kwa sababu servo inapovuta kamba kwenye upepo mkali huhitaji umeme wa mkupuo, na betri za bei ndogo za redio huzimia hapo. Chaja ndogo inayopokea paneli ya sola inatosha, hata kwa nyumba ambayo umeme hauji.

Ni vizuri pia kwa usafirishaji. Mashirika ya ndege yana masharti makali juu ya betri za lithiamu, na mzigo wenye betri hizo unaweza kubaki njiani. Mashua isiyokuja na betri yoyote hupita kirahisi zaidi, iwe inapitia Kampala na mpaka wa Mahagi au inashuka moja kwa moja uwanja wa Bunia. Muulize muuzaji kwa maandishi: sanduku lina redio na kipokezi, au ni mwili mtupu? Kuna matoleo ya jina lilelile yanayouzwa bila redio, na bei yake huvutia kwa sababu hiyo.

Pamoja na mashua agiza vipuri vitakavyovunjika: servo moja ya usukani, moja ya kamba, matanga ya akiba, na vifundo vidogo vya plastiki vya kufungia kamba. Vina bei ndogo vikija pamoja. Vikiagizwa peke yake baadaye, nauli hupita thamani yake mara kadhaa.

Redio za siku hizi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na mashua kumi zinaweza kwenda pamoja bila kuingiliana. Udhaifu wake ni maji: mawimbi hayo hayapiti majini. Waya wa antena ya kipokezi ubandikwe juu, chini ya sitaha, usiachwe ukalala kwenye ngama pamoja na maji yaliyovuja.

Mbili zinazofanana

Jambo la mwisho kwenye orodha ya muuzaji ndilo la kwanza kwenye yangu. Usinunue mashua ambayo hakuna mwingine Bunia atakayeinunua.

Mashua moja bwawani ni starehe ya nusu saa. Mbili zisizofanana ni ubishi kuhusu ipi ni bora. Mbili zilizo sawasawa ni mchezo, kwa sababu inayotangulia imetangulizwa na akili ya mwenye rimoti. DragonForce 65 imefaulu kwa hili: kanuni zake hazimruhusu mtu kubadili mwili wala mkuku, na mwenye pesa hanunui ushindi kirahisi. Kwa mtaa ambao dola zinatafutwa kwa jasho, kanuni hiyo ni ya haki kuliko zote.

Kwa hiyo aliye na zile picha mbili amtafute mwenzake kabla ya kulipa. Waagize pamoja, sanduku mbili kwa nauli ya mzigo mmoja, vipuri wagawane. Zikifika, wachukue vidumu viwili vya mafuta vya lita tano, wavifunge mawe kwa kamba na kuvitia nanga: kimoja upande unakotoka upepo, kingine upande unakokwenda. Mstari wa kuanzia ukatwe karibu na cha chini, ili mguu wa kwanza uwe wa kubisha. Waelewane sheria moja kabla ya nyingine zote, ileile inayotumika kwenye mashindano ya vyombo vikubwa: anayeupokea upepo kwa upande wa kushoto wa mashua yake ampishe anayeupokea kwa upande wa kulia. Mzunguko wa mara tatu kwa siku ya kwanza, kisha wabadilishane mashua na kurudia.